Varahamihira wa Ujjain na Misingi ya Unajimu wa Kihindi

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, tarehe 14 au 15 Januari, mamilioni ya watu nchini India huadhimisha sikukuu ya Makara Sankranti, yaani siku ambayo jua huhesabiwa kuwa limeingia katika buruji ya Jadi. Sehemu nyingine za nchi hiyo huiita sikukuu hiyo Uttarayana, neno lenye maana ya safari ya jua kuelekea kaskazini. Hata hivyo, jua halianzi safari yake ya kaskazini siku hiyo. Huianza tarehe 21 au 22 Desemba, zaidi ya majuma matatu kabla. Kalenda na mbingu zimeachana, na zimekuwa zikiachana taratibu kwa takriban miaka elfu moja na mia tano.

Tofauti hiyo ina historia, na katika historia hiyo anasimama mtu mmoja ambaye jina lake halikosekani katika kitabu chochote cha unajimu wa Kihindi: Varahamihira wa Ujjain, mwanachuoni wa karne ya 6. Yeye ndiye aliyekusanya, akapima na kuandika upya karibu kila tawi la elimu ya nyota iliyojulikana India katika zama zake. Ndiye pia aliyesema waziwazi kwamba vitabu vya wahenga vilikuwa vimepitwa na mbingu. Makala haya yanaeleza maisha na kazi yake, na kupitia kazi hiyo yanafafanua misingi ya unajimu ambao siku hizi hujulikana kama unajimu wa Kiveda. Swali linaloongoza maelezo haya ni moja: mtu aliyekuwa tayari kuyasahihisha mapokeo kwa kuangalia kwa macho yake aliyatazamaje mambo ambayo hayakuweza kuangaliwa kwa njia hiyo?

2.0 Asili na Mazingira Yake

Habari za hakika kuhusu maisha ya Varahamihira ni chache, na nyingi zatokana na maneno yake mwenyewe. Mwishoni mwa kitabu chake cha Brihajjataka anajitambulisha kuwa mwenyeji wa Avanti, yaani eneo la mji wa Ujjain katika India ya kati, na mwana wa Adityadasa, ambaye ndiye aliyemfundisha. Anaongeza kuwa mahali paitwapo Kapitthaka alipata neema ya jua. Wataalamu wametofautiana kuhusu mahali hapo.

Majina yenyewe yanaeleza mengi. Adityadasa maana yake ni mtumwa wa jua. Sehemu ya pili ya jina la mwana, mihira, nayo ni jina la jua, na inahusiana na Mithra, mungu wa kale wa Wairani. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wataalamu wanadhani kuwa ukoo wake ulitokana na Mamaga, makuhani wa jua walioaminika kufika India kutoka Uajemi na kuingizwa katika tabaka la Mabrahmini. Ikiwa ndivyo, basi bingwa mkubwa wa unajimu wa Kihindi alikuwa mjukuu wa wahamiaji.

Kuhusu tarehe, kitabu chake cha hesabu za falaki huanza kuhesabu siku kutoka mwaka 427 wa kalenda ya Saka, sawa na mwaka 505. Wako wanaoufanya mwaka huo kuwa wa kuzaliwa kwake, lakini kwa kawaida mwanafalaki huchagua mwanzo wa hesabu ulio karibu na wakati wake wa kuandika. Mapokeo ya baadaye yanasema kuwa alifariki mwaka 587. Tarehe hizo mbili zinamweka katika karne ya 6 bila ya shaka yoyote, hata kama haziafikiani kwa urahisi katika maisha ya mtu mmoja.

Zama hizo hazikuwa za utulivu. Dola ya Gupta ilikuwa ikidhoofika, na majeshi ya Wahuni yalikwisha kupenya kaskazini na magharibi mwa India. Hata hivyo, Ujjain uliendelea kuwa mji wa biashara na wa elimu. Wanafalaki wa Kihindi waliufanya kuwa kitovu cha vipimo vyao: longitudo za miji mingine zilihesabiwa kutoka Ujjain, kama leo zinavyohesabiwa kutoka Greenwich. Aidha, mji huo uko karibu sana na Tropiki ya Kansa, hivi kwamba adhuhuri ya katikati ya Juni kivuli cha mti uliosimikwa wima hukaribia kutoweka. Kwa mtu anayelipima jua kwa vivuli, mahali hapo palifaa kuliko pengi.

Masimulizi ya mdomo, kama ilivyo kawaida yake, yamejaza mapengo ya historia. Yako yanayomhesabu kuwa miongoni mwa vito tisa vya baraza la mfalme Vikramaditya, pamoja na mshairi Kalidasa. Mengine yanadai kwamba alitabiri mwana wa mfalme angeuawa na nguruwe mwitu. Mfalme akamzungushia mwanawe ulinzi mkali, lakini sanamu ya nguruwe iliyokuwa juu ya mlingoti ikamwangukia kijana huyo na kumwua siku ile ile iliyotajwa. Ndipo mnajimu, ambaye jina lake lilikuwa Mihira tu, akaongezewa la Varaha, yaani nguruwe mwitu. Visa hivi ni vya kale lakini si vya wakati wake, na Varaha ni jina la heshima katika dini ya Kihindu, kwa kuwa mungu Vishnu husimuliwa kuwa alijitwalia umbo hilo ili kuiokoa dunia. Thamani ya visa hivyo ni kuonyesha kile ambacho jamii ilitaka kukumbuka: mtabiri asiyekosea. Vitabu vyake vinaonyesha mtu mwingine, mwenye mashaka na mwenye vipimo.

3.0 Kuvipima Vitabu Vitano

Varahamihira aliigawa elimu ya nyota katika matawi matatu. La kwanza ni hesabu za mwendo wa mianga ya mbinguni. La pili ni ubashiri wa maisha ya mtu kutokana na saa ya kuzaliwa. La tatu ni elimu ya ishara zinazohusu nchi nzima, kama vile mvua, njaa, vita na matetemeko. Kila tawi aliliandikia, na mara nyingi aliandika kitabu kikubwa kisha akakifupisha kwa ajili ya wanafunzi.

Katika tawi la kwanza aliandika Panchasiddhantika, yaani kitabu cha mafunzo matano. Humo alivifupisha vitabu vitano vya falaki vilivyotumiwa India: Paitamaha, Vasishtha, Romaka, Paulisha na Surya. Hakuvipanga kwa utakatifu, bali alivipima kwa usahihi. Alihukumu kuwa Paulisha ni sahihi, Romaka inaikaribia, na Surya inazipita zote. Lakini Paitamaha na Vasishtha, zilizobeba majina matukufu ya muumba na ya mwonaji wa kale, ziko mbali na ukweli.

Uzito wa hukumu hiyo unaonekana mtu akitazama yaliyomo. Paitamaha ilifuata kalenda ya kale iliyokuwa na mzunguko wa miaka 5 yenye siku 1,830, yaani siku 366 kwa kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, kalenda hupotea kwa takriban siku 4 katika kila miaka 5. Romaka, ambayo jina lake lenyewe linataja Roma, ilikuwa na mwaka wa siku 365, saa 5, dakika 55 na sekunde 12. Kipimo hicho ni kile kile cha Hipparchus, mwanafalaki wa Kiyunani aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo. Kwa hiyo Varahamihira aliwaambia wasomaji wake kwamba kitabu cha wageni kilikuwa bora kuliko kilichopewa jina la mungu.

Katika kitabu hicho hicho anataja tofauti ya wakati kati ya Ujjain na mji wa Yavanapura, ambao wataalamu wanaukubali kuwa ni Aleksandria ya Misri. Tofauti hiyo ni sawa na nyuzi 44 za longitudo. Vipimo vya leo hutoa takriban nyuzi 46. Kwa zama zisizokuwa na saa za kuaminika, wala simu, wala meli za mvuke, kosa la nyuzi 2 kati ya mji wa Afrika na mji wa India ya kati ni dogo mno, nalo ni ushahidi wa mawasiliano ya wanachuoni kuvuka bahari.

Pamoja na hayo, hakukubali kila jambo jipya. Aryabhata, aliyeandika mwaka 499, alikuwa amefundisha kuwa ni dunia inayozunguka juu ya mhimili wake, wala si mbingu. Varahamihira alikataa, akihoji jinsi ndege wanavyoweza kurudi viotani mwao iwapo dunia inakimbia chini yao. Hoja hiyo haikuwa sahihi, lakini ilikuwa hoja ya mtu aliyetafuta ushahidi katika mambo yanayoonekana.

4.0 Misingi ya Unajimu katika Brihajjataka

Jina la unajimu wa Kiveda lilienea katika karne ya 20, nalo laweza kumpotosha msomaji. Katika Veda yapo makundi ya nyota yanayopitiwa na mwezi, na elimu ya kupanga nyakati za ibada. Hamna ramani ya nyota za kuzaliwa kwa mtu binafsi. Ramani hiyo, kama inavyojulikana leo, imo katika vitabu vya karne za baadaye, na kilichopata umaarufu mkubwa kuliko vyote ni Brihajjataka ya Varahamihira. Misingi yake yaweza kuelezwa kwa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni buruji. Njia ya jua mbinguni ni duara la nyuzi 360, nalo hugawanywa sehemu 12 zenye nyuzi 30 kila moja. Ni buruji zile zile ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa majina yenye asili ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Varahamihira anazilaza juu ya mwili wa mtu mmoja mkubwa aitwaye Wakati: Hamali ni kichwa chake, Thauri ni uso, na hivyo hivyo hadi Hutu ambayo ni nyayo. Sayari iliyo dhaifu katika buruji fulani hudhaniwa kuleta udhaifu katika kiungo chake.

Fungu la pili ni manzili za mwezi, ambazo kwa Kisanskriti huitwa nakshatra. Mwezi huzunguka mbingu kwa siku 27 na takriban theluthi ya siku, kwa hiyo duara hilo hilo hugawanywa sehemu 27 za nyuzi 13 na dakika 20. Mgawanyo huu ndio wa kienyeji na wa kale. Namna ulivyoshonwa pamoja na ule wa buruji 12 ni ya ustadi mkubwa. Kila manzili iligawanywa robo nne, na kila buruji ikagawanywa sehemu tisa; robo 108 za manzili zikalingana barabara na sehemu 108 za buruji, kila moja ikiwa na nyuzi 3 na dakika 20. Sehemu hiyo ya tisa huitwa navamsha, nayo hadi leo hutumiwa kuthibitisha au kutilia shaka yale yaliyosomwa katika ramani kuu.

Fungu la tatu ni sayari. Huhesabiwa Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali, pamoja na Rahu na Ketu. Hizo mbili za mwisho si nyota. Ni sehemu mbili ambapo njia ya mwezi huikata njia ya jua. Jua hutawala Asadi, Mwezi hutawala Saratani, na kila moja ya sayari tano zinazobaki hutawala buruji mbili. Aidha, kila sayari ina mahali pake pa utukufu: Jua katika nyuzi ya 10 ya Hamali, Mwezi katika nyuzi ya 3 ya Thauri, Zohali katika nyuzi ya 20 ya Mizani. Upande wa pili wa duara, mkabala na hapo, ndipo mahali pa unyonge wake.

Fungu la nne ni nyumba. Buruji inayochomoza mashariki wakati mtoto anapozaliwa huitwa lagna, nayo ndiyo nyumba ya kwanza, ya mwili na tabia. Zinazofuata ni za mali, ndugu, mama na makazi, watoto, maadui na maradhi, ndoa, mauti, dini na bahati, kazi, pato, na hasara. Kwa kuwa buruji zote 12 huchomoza katika mchana na usiku mmoja, lagna hubadilika kila baada ya takriban saa mbili. Mathalani, mtoto aliyezaliwa jua linapochomoza atakuwa na Jua katika nyumba ya kwanza, ya mwili. Aliyezaliwa siku hiyo hiyo jua linapotua atakuwa na Jua katika nyumba ya saba, ya ndoa. Ndiyo sababu saa ya kuzaliwa ina uzito kuliko tarehe, na ndiyo sababu Varahamihira alisisitiza kuwa asiyejua hesabu hafai kuitwa mnajimu.

Baada ya ramani kuchorwa, hutafutwa wakati wa kutimia kwa mambo. Wanajimu wa leo hutumia zaidi mzunguko wa miaka 120, ambamo kila sayari hupewa kipindi chake na hesabu huanzia katika manzili uliyokuwamo mwezi. Varahamihira hakuufuata mpango huo. Yeye alivipanga vipindi vya maisha kwa kulinganisha nguvu za sayari. Kwa hiyo hata wale wanaomtaja kuwa mwalimu wao wamemwacha katika jambo ambalo wateja huliuliza zaidi.

5.0 Msamiati wa Wageni

Kwa mwanaisimu, Brihajjataka ni kitabu cha manufaa ya pekee. Lugha yake ni Kisanskriti cha kishairi, lakini istilahi zake nyingi hazina asili humo. Nyumba za pembeni, yaani ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, huitwa kendra, kutokana na kentron la Kiyunani. Theluthi ya buruji huitwa dreshkana, kutokana na dekanos. Dakika ya duara huitwa lipta, kutokana na lepton. Zaidi ya hayo, Varahamihira anatoa orodha ya majina ya buruji ambamo Thauri huitwa Tavuri, Asadi huitwa Leya na Sumbula huitwa Pathona. Hayo ni tauros, leon na parthenos yaliyovikwa matamshi ya Kihindi.

Neno la kusisimua zaidi ni hora, linalotaja tawi zima la ubashiri. Ni neno la Kiyunani lenye maana ya saa. Varahamihira alijua kuwa wako walioeleza asili yake kwa namna nyingine: kwamba ni ufupisho wa neno la Kisanskriti ahoratra, mchana na usiku, lililokatwa silabi ya mwanzo na ya mwisho. Maelezo hayo aliyaandika bila ya kuyapinga. Huu ni mfano mzuri wa neno la mkopo kutafutiwa ukoo nyumbani baada ya kuzoeleka, jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu vema.

Hata hivyo, hakuificha asili ya elimu yenyewe. Katika kitabu chake kingine alirudia kauli ya kale kwamba Wayavana, yaani Wayunani, ni watu wasio wa dini, lakini kwa kuwa elimu hii imekita mizizi kwao, nao wastahili heshima wanayopewa waonaji watakatifu; basi Brahmini mwenye elimu hiyo astahili kuheshimiwa zaidi. Katika jamii iliyojali sana usafi wa tabaka, kauli hiyo haikuwa ndogo. Yafaa kukumbuka pia kwamba Yavana la Kisanskriti na Yunani la Kiswahili, lililopitia Kiarabu, yote mawili yanatokana na jina la Ionia.

6.0 Ishara za Nchi: Mvua na Maji

Tawi la tatu alilishughulikia katika Brihatsamhita, kitabu chenye sura zaidi ya mia moja. Humo mna kupatwa kwa jua na mwezi, nyota zenye mkia, matetemeko, ujenzi wa nyumba na mahekalu, vito, manukato, mifugo na miti. Sura zinazogusa zaidi maisha ya mkulima ni zile za mvua na maji.

Varahamihira aliamini kuwa mawingu huchukua mimba, na kwamba mvua huzaliwa siku 195 baadaye. Kwa hiyo aliagiza dalili za upepo, ukungu na mawingu ziangaliwe miezi mingi kabla ya masika. Alieleza pia jinsi ya kupima mvua iliyokwisha kunyesha kwa chombo chenye upana wa dhiraa moja. Kuhusu maji ya chini ya ardhi, alifundisha kutazama miti na vichuguu kwa pamoja. Mathalani, palipo na mzambarau wenye kichuguu karibu yake upande wa mashariki, maji matamu hutafutwa dhiraa tatu kusini ya mti huo, katika kina cha vimo viwili vya mtu. Nadharia ya mimba ya mawingu haikuthibitika, lakini uhusiano wa mchwa, mizizi na unyevu wa ardhini umewavutia wanasayansi wa karne ya 20 kuichunguza sura hiyo upya.

Katika kitabu hicho anaeleza pia sifa za mnajimu wa serikali. Awe mkweli, msafi na mjuzi wa hesabu; tena asifanye kazi peke yake, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuziangalia ishara za pande zote usiku na mchana, bali awe na wengine wanne wa kusaidiana naye. Waliojiita wanajimu bila ya kusoma aliwalaumu vikali.

7.0 Kati ya Kivuli na Joka

Palipo mtihani mkubwa wa fikra zake ni katika kupatwa kwa jua na mwezi. Imani ya wengi ilikuwa kwamba jitu Rahu, lililokatwa kichwa na Vishnu, hulimeza jua na mwezi kwa kisasi. Varahamihira aliipinga imani hiyo kwa hoja. Alieleza kuwa katika kupatwa kwake, mwezi huingia katika kivuli cha dunia, na katika kupatwa kwa jua, ni mwezi unaolifunika. Ndiyo maana kupatwa kwa mwezi huanzia upande wa mashariki wa mwezi na kupatwa kwa jua huanzia upande wa magharibi wa jua. Aliuliza pia kama Rahu ana mwendo unaohesabika, vipi aitwe jitu lenye hasira. Na kama hana mwendo unaohesabika, vipi kupatwa kutabiriwe.

Lakini baada ya kulibomoa joka, hakulifukuza. Aliendelea kusema kuwa Rahu alipewa idhini ya kupata fungu lake katika sadaka zitolewazo wakati wa kupatwa, na hivyo watu husema kwa desturi kuwa Rahu amefika. Kisha zikafuata kurasa za bishara: kupatwa katika mwezi huu huwadhuru watu hawa, katika mwezi ule watu wale. Nusu karne hivi baadaye, mwaka 628, Brahmagupta alimshambulia yeye na Aryabhata kwa kumkana Rahu, ambaye maandiko matakatifu yalikuwa yamemtaja. Yamkini Varahamihira alikwisha kuiona hatari hiyo, na idhini aliyompa Rahu ilikuwa mlango wa kutokea. Yamkini pia aliviamini vyote viwili.

Hali hiyo hiyo inaonekana katika suala la majira. Aliandika kwamba hapo kale, kwa mujibu wa vitabu, jua lilianza kurudi kusini likiwa katikati ya manzili ya Ashlesha, na kurudi kaskazini likiwa mwanzoni mwa Dhanishtha. Lakini katika zama zake lilirudi mwanzoni mwa Saratani na mwanzoni mwa Jadi. Anayetaka kuhakikisha, alisema, na alitazame jua linapochomoza, au apime kivuli cha mti kinavyoingia na kutoka katika duara lililochorwa ardhini. Baada ya hayo akaongeza kuwa jua likigeuka kabla ya kufika mahali pake, nchi za upande fulani zitapata maafa. Uchunguzi na hofu vilikaa katika ukurasa mmoja.

8.0 Urithi Wake

Mwanawe, Prithuyashas, naye aliandika juu ya ubashiri. Katika karne ya 10 Utpala alivifafanua vitabu vyake kwa urefu, na ufafanuzi huo ndio uliohifadhi vipande vya waandishi wengi ambao vitabu vyao vimepotea. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika kitabu chake mashuhuri juu ya India takriban mwaka 1030, alimsifu Varahamihira kwa ujuzi wake wa maumbile ya ulimwengu, akaifasiri kwa Kiarabu Laghujataka, ambayo ni ufupisho wa Brihajjataka. Hata hivyo, hakuacha kumlaumu kwa kuchanganya ukweli aliouthibitisha na yale yaliyowapendeza makuhani. Katika zama zetu, Hendrik Kern alichapisha Brihatsamhita mwaka 1865, na Thibaut pamoja na Sudhakara Dvivedi wakachapisha Panchasiddhantika mwaka 1889.

Mjadala aliouacha haujafungwa. Mwaka 2001 mamlaka ya vyuo vikuu nchini India iliamua kugharimia masomo ya unajimu, wanasayansi wakapinga mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikalikataa pingamizi lao. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Maharashtra, ambamo wanajimu 27 walipewa ramani za watoto wenye vipaji na za watoto wenye ulemavu wa akili wazitenganishe. Walipatia kwa wastani asilimia 46, yaani hawakumzidi mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu.

9.0 Hitimisho

Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na kwa sababu hiyo mahali jua lilipo siku usiku na mchana vinapolingana husogea nyuzi 1 katika kila miaka 72 hivi. Zama za Varahamihira, mwanzo wa buruji na mwanzo wa majira vilikuwa karibu kukutana. Leo vimetengana kwa takriban nyuzi 24. Wanajimu wa Kihindi wanaijua tofauti hiyo na kuitoa katika hesabu zao, kwa kuwa wao hufuata nyota zenyewe, ilhali wanajimu wa Ulaya hufuata majira. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuwa wa Hamali huko na wa Hutu huku.

Sikukuu ya Januari imebaki na jina la safari ya kaskazini kwa sababu katika karne ya 6 jina hilo lilikuwa karibu sana na ukweli. Aliyelithibitisha alifanya hivyo kwa kuviacha vitabu vya waliomtangulia na kupima kivuli ardhini. Waliomfuata walikishika kitabu chake kwa heshima kubwa, na wengi wao wakaacha kupima. Katika kumwadhimisha hivyo, walilihifadhi jibu lake kuliko njia aliyolipatia. Njia yenyewe bado iko wazi kwa yeyote: mti ulionyooka, duara mchangani, na subira ya kungoja kivuli kiingie na kitoke.